Mzigo Unafuatwa Mpaka Unapolala

Mzee Bawaba alikuwa na desturi moja ambayo watu waliicheka mpaka wakaizoea. Akikuuzia kitasa, kufuli au jozi ya bawaba, hakuhesabu kwamba ameuza. Siku chache zikipita angekuja kwako, atabisha hodi, atasalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha ataufungua na kuufunga huo mlango huku kichwa kimeinama, anasikiliza. Mlango ukilia, atatoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta. Usipolia, atakunywa chai aliyokaribishwa na kwenda zake.

"Mzigo unafuatwa mpaka unapolala," alikuwa akisema. "Ukiuacha njiani hujauza, umetupa."

Ndipo watu wakampa jina hilo la Bawaba, likamganda mpaka hata mkewe akawa anamwita hivyo akitaka kumtania.

Lakini kabla ya bawaba kulikuwa na rangi. Alipokuwa kijana wa shule alichora na rafiki yake mmoja mwenye kidevu kirefu, ambaye mpaka leo anaitwa Kidevu. Walichorea chochote: maboksi, magunia yaliyopakwa chokaa, mlango wa zamani. Na walikuwa na sheria moja tu, kwamba hakuna kusifiana. Mmoja akimaliza picha, mwenzake anaizunguka mikono nyuma kama anayenunua ng'ombe.

"Huyu mama uliyemchora kabeba ndoo au ndoo ndiyo imembeba?"

"Mti huu una homa. Mpe dawa."

Walikuwa wakicheka mpaka wanakaa chini, na kesho yake mti unachorwa upya, mzima. Aliyesifu alionekana ana lake jambo. Wakati mwingine walinuniana juma zima, lakini picha zilikuwa zinapona.

Kisha baba yake Bawaba akafariki, duka la vifaa vya ujenzi likabaki halina mtu, na yeye ndiye alikuwa mkubwa. Akaweka brashi chini kwa muda. Muda huo ukazaa watoto na wajukuu. Kidevu naye hakuwa mchoraji, ila hakwenda mbali na picha. Alifungua kibanda cha kutengeneza fremu, akawa anavisha picha za wenzake nguo.

Aliyezitunza zile brashi ni mkewe. Alizifunga katika kitambaa, akaziweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya sufuria kubwa, na kila walipohama nyumba alizibeba mwenyewe mkononi pamoja na glasi. Alipoanza kuumwa ule ugonjwa ambao hakuinuka nao, alimwambia mwanawe azitoe, akazitandika juu ya shuka na kuzipanga kwa ukubwa.

"Duka limekula ujana wako," akamwambia mumewe. "Lisile na uzee."

Bawaba alicheka wakati ule. Msimu wa mvua ulipokuja mke hakuwepo, na kile kicheko chake ndicho kilichomsumbua kuliko mengi aliyoyasema maishani.

Baada ya msiba alirudi dukani, lakini hakuwa yule. Alihamisha rafu, akazirudisha. Aligombana na mafundi juu ya misumari. Mteja akiomba komeo, alitaka kwanza kujua ni la chumba cha nani. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye alikuwa akiendesha mambo tangu mama alipolazwa, alivumilia, akavumilia, mwishowe akamkalisha kwenye stuli nyuma ya kaunta.

"Baba, pumzika. Chora. Si ndivyo mama alivyotaka?"

Bawaba alikuwa mfanyabiashara, na hata huzuni yake alitaka iwe na masharti. Akasema, "Nipe mwaka mmoja, bosi wangu. Mwaka ukiisha na hakuna mtu wa nje, mtu asiyenijua, aliyenunua hata picha moja, narudi kaunta hii na hutanisikia tena na habari za rangi."

"Na wakinunua?"

"Wakinunua, funguo ni zako moja kwa moja. Nitakuja hapa kama mteja, nipange foleni."

Binti alicheka, akampa mkono. Walishikana kama wanavyoshikana watu waliomaliza bei.

Akahamia chumba cha nyuma cha nyumba yake, kile chenye mwanga wa asubuhi. Mkono ulikuwa mgumu kama komeo lenye kutu. Alichora ndoo, akachora viatu vyake, akachora ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Picha ya ndoo Kidevu aliichukua, akaivisha fremu, akaiweka kibandani kwake mbele. Haikukaa. Akaja na bahasha ya pesa na habari.

"Imeondoka, bwana. Mama mmoja, simjui. Kasema ndoo zimetulia."

"Zimetulia vipi?"

"Mimi nitajuaje? Safi tu. Picha safi."

Bawaba alilisikia neno lile likapita laini, kama mlango usiolia. Yeye aliyeishi kwa kusikiliza milango akadhani ni mafuta. Hakujiuliza ni tangu lini Kidevu akasema safi.

Viatu vikaondoka. Nguo za jirani zikaondoka. Kila picha ilikwenda kibandani na kila picha ilipata mwenyewe, na binti yake alikuja jioni na matunda, akawa anaipita kila kazi akisema, "Baba, hii hata mimi ningeichukua." Mzee akaanza kutembea tofauti. Alinunua koti. Alipopita karibu na duka hakuingia, alipunga mkono tu kutoka ng'ambo, kama mtu mwenye shughuli zake.

Ndipo akathubutu kumchora mkewe.

Uso haukuja. Alifumba macho kuutafuta, akatazama picha za harusi, lakini akiweka penseli kwenye ubao, uso unakwenda. Kilichokuja ni mgongo. Alimwona akiwa jikoni, upepo umeanza, anavuta dirisha na kufunga komeo kwa mkono mmoja, kitambaa cha kichwa kimeteleza, na chini ya nywele, pale shingo inapoingia mabegani, kuna kile kivuli. Bawaba alichanganya rangi, akafuta, akachanganya, mpaka siku moja kile kivuli kikatokea chenyewe kwenye ubao, rangi ile ile, na yeye akajikuta amekaa sakafuni na brashi mkononi, analia bila sauti ili jirani wasisikie.

Picha ile aliipeleka kwa Kidevu ikavishwe fremu tu. "Hii haiuzwi," alimwambia. "Hii inarudi nyumbani."

Kidevu aliitazama muda mrefu. Siku chache baadaye alikuja na habari.

"Kuna mtu kamwona shemeji."

"Nilikwambia haiuzwi."

"Nimemwambia. Lakini nikueleze alivyosimama. Nilikuwa nimemwekea mtu huyo chai. Alisimama mbele ya picha mpaka chai ikapoa, hakuigusa. Nilipomsemesha alishindwa kujibu. Bawaba, umechora miezi yote hii, je, kuna aliyesimama hivyo?"

Mzee alizunguka na jambo lile siku nzima. Alijua watu wananunua ndoo kwa sababu ukuta uko mtupu. Lakini mtu kusimama mpaka chai ipoe, mtu ambaye hakumjua marehemu, hakula kwake, hakuzika, akamwona kwa rangi peke yake! Basi mkewe hakufa kabisa. Basi na zile brashi hazikutunzwa bure. Ilimuuma kama kumpeleka mwali, lakini akasema, "Mpe. Ila nitamfuata nijue anakaa wapi."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana njia ya mwongo ni fupi, na Kidevu na binti hawakuwa wameipima.

Mnunuzi amesafiri. Mnunuzi amerudi lakini anapaka nyumba rangi. Mnunuzi ana wageni. "Baba, picha si kitasa," binti alimwambia, "huendi kukagua kama inalia." Mzee akacheka, akasema ataipeleka chupa yake ya mafuta hivyo hivyo. Aliuliza kila siku. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio uliowashinda. Mwishowe binti akamwambia kwamba mnunuzi ni daktari wa meno, mteja wao wa siku nyingi kwa mambo ya mabomba, ameitundika kwenye kliniki yake, na kesho alasiri watakwenda pamoja.

Kesho yake mzee alioga mapema, akavaa koti, akakaa. Alasiri ilikuwa mbali mno. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafika kwa daktari, peke yake.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kidogo, kina viti vya plastiki na harufu ya dawa ya meno. Na mkewe alikuwepo. Alikuwa ukutani juu ya viti, anafunga dirisha, mwanga wa mlangoni unampiga begani vizuri. Mtu mmoja aliyevimba shavu alikuwa amekaa chini yake, macho amefumba. Bawaba alivua kofia. Kwa muda mfupi, na aliukumbuka sana muda huo baadaye, hakuhitaji kitu kingine duniani.

Alikwenda kukaa.

"Samahani, mzee," akasema dada wa mapokezi, "kalia kile kingine. Hicho kina vumbi, walikuwa wanatoboa ukuta asubuhi hii."

"Nani walikuwa wanatoboa?"

"Yule dada wa duka la vifaa vya ujenzi. Kaja na drili yake mwenyewe. Kasema tumtunzie hiyo picha mpaka jioni ndipo aichukue." Akatazama ukuta. "Sasa akishaondoa, hilo tundu atalizibaje? Daktari hataki hata msumari hapa."

Bawaba alisogea ukutani. Aliinua picha kidogo kwa kidole kutazama ilivyoshikwa. Ilikuwa imeshikwa kwa skrubu ya bawaba, ile ndefu ya shaba ya milango mizito. Tangu utotoni binti yake alitundika kila kitu kwa skrubu za bawaba. Kioo chake cha kwanza alikitundikia skrubu ambayo ingebeba geti, na mama yake alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee aliutambua mkono wa mwanawe kwenye plasta kama mtu anavyotambua mwandiko.

Akaigeuza picha. Nyuma ya ubao kulikuwa na utando wa buibui na duara la rangi ya kijivu, ukubwa wa mkebe. Ilinuka lami na kamba mpya. Harufu ile aliifahamu kuliko harufu ya chumba chake cha kulala. Ni ya stoo ya duka lake.

Akaishusha.

"Mzee, hiyo ni ya mtu," dada akasema.

"Ndiyo," akasema. "Ni mke wangu."

Yule wa shavu lililovimba akafumbua jicho moja, akalifumba.

Alitembea nayo kwapani mpaka dukani, hakupanda kitu. Hakupita mbele, alizunguka kwa nyuma, kwenye mlango ambao kitasa chake alikifunga mwenyewe. Picha zake alizikuta zote humo. Picha ya nguo za jirani ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya masinki ya choo, uso ndani. Viatu vilikuwa juu ya mifuko ya saruji. Na ile ya ndoo, ya kwanza, ilikuwa imelazwa juu ya madumu mawili, imekuwa meza, mikebe ya rangi imepangwa juu yake. Mtu alikuwa ameimwagia rangi ya paa, kisha akafuta kwa heshima, kwa kitambaa.

Binti aliingia akitafuta kitu, akasimama.

"Baba. Tulisema alasiri."

"Tulisema."

Binti akatazama alichobeba baba yake. Hakujaribu kuongopa tena, na hilo mzee alilishukuru kidogo.

"Nilikuwa natafuta pa kuziweka vizuri," binti akasema. "Ile ya ndoo si mimi, ni vijana wa mizigo, hawakujua."

"Wangejuaje? Hata mimi sikujua. Picha nilizochora zilinunuliwa na nani?"

"Na duka."

"Kwa hiyo nilikuwa najiuzia."

"Baba, ulikuwa unakufa pale kaunta. Ulikuwa unamuuliza mtu komeo ni la chumba cha nani! Ulisema mwaka, na mimi nikaogopa huo mwaka. Mama aliniambia, usimwache arudi dukani. Aliniambia mimi, akiwa kitandani."

"Mama yako alisema nichore," akasema Bawaba. "Hakusema nidanganywe."

"Ulikuwa na furaha."

"Nilikuwa nayo."

Alisema hivyo akitazama mikebe. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Yeye alifukuzwa kwa matunda ya jioni, kwa bahasha, kwa "hii hata mimi ningeichukua." Hata alipokuwa anapunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara, humu ndani walikuwa wanampungia vipi? Labda walitazamana. Labda hata vijana wa mizigo.

Binti alivua shada la funguo kiunoni, akaliweka juu ya mfuko wa saruji, kati yao. "Hakuna wa nje aliyenunua. Masharti ni masharti. Chukua."

Mzee alizitazama funguo zile, akazitamani. Kufuli halikupendi wala halikuhurumii. Linafunga au halifungi, na ukiliuliza linakuambia. Angekaa kwenye ile stuli mpaka mwisho wake na hakuna ambaye angemwambia safi.

"Na ulishindwa kuniuliza tu?" akasema. "Ungesema, baba, toka dukani, unanichosha. Ningenuna juma. Ningetoka."

Binti alifunika uso kwa viganja. Bawaba aliziacha funguo pale zilipo. Aliondoa mikebe juu ya ndoo mmoja mmoja, akaipanga chini, akaegemeza ndoo ukutani, uso nje. Alikwenda na ile moja tu ya kwapani.

Nyumbani aliisimamisha juu ya kiti kwenye chumba cha nyuma, akaketi mbele yake. Alitaka kujua kama kile kivuli cha shingo kilikuwa kweli au nacho aliambiwa tu. Kilikuwa kweli. Kile hakikuambiwa na mtu. Akateremka na macho begani, kwenye mkono, kwenye komeo, na hapo akaona.

Dirisha lile lilikuwa haliwezi kufunguka. Alikuwa amechora komeo upande wa kushoto, chini ya vidole vya mkewe, na bawaba nazo alizichora upande huo huo wa kushoto. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Yeye, Mzee Bawaba, aliyefunga bawaba maisha yake yote! Alikuwa ameutazama ule mkono kiasi kwamba hakutazama dirisha. Marehemu angeona kabla hata ya kuweka sufuria chini. Angesema, "Baba nanihii, umenifungia humu nitoke vipi?"

Wote wale, binti na mapokezi na nani, waliipita. Hakuna aliyeona.

Kidevu alikuja asubuhi. Alibisha mlango wa chumba cha nyuma kwa kucha, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Mzee alifungua lakini hakumpisha.

"Mwanao kaniambia," Kidevu akasema. "Sina la kujitetea. Aliniomba kwa ajili yako, nami nikasema ni mara moja. Moja ikazaa."

"Aliyesimama mpaka chai ikapoa ni nani?"

Kidevu aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza. Nilimtoa mke wangu nyumbani kwa ajili ya mtu huyo. Ni nani, au uliota?"

"Ni mimi."

Bawaba alicheka, kicheko kibaya. "Na leo umeona hiyo ndiyo itanifaa. Una ghala la maneno matamu, Kidevu. Sikujua. Ulikuwa unauza fremu kumbe unauza asali."

"Ni mimi, wallahi. Siku ile ulipoileta na kuondoka. Nilimimina chai, nikaiegemeza picha pale kwenye meza ya kukatia. Nilimwona shemeji, nikaona ile shingo. Sijui nilisimama muda gani." Akasema kwa sauti ya chini, "Halafu nikaona bawaba ziko upande wa komeo. Nikacheka peke yangu. Nikasema, mtu mzima, muuza bawaba, kafunga dirisha lisilofunguka. Ndipo nikashindwa hata kucheka."

Mzee alishika mwimo wa mlango.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mtu mmoja alikuwa amesimama. Kati ya uongo wote ule kulikuwa na chai moja iliyopoa kweli, na ilikuwa ya huyu. Alingoja furaha ije. Ilikuja kidogo, ikasimama nje, kama Kidevu.

"Uliona," akasema.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umefiwa, bwana. Nitakuambiaje habari za bawaba?"

"Kama ulivyoniambia mti una homa." Akamtazama usoni. "Mwanangu alinibunia wateja. Hilo nitalimeza, ni mwanangu, na mama yake alimtuma hata kama hakumtuma hivyo. Lakini wewe ulikuwa na macho yangu. Ulikuwa ndiye mtu pekee aliyebaki anayeweza kunitazama na kuniambia. Ukaona nimemfungia mke wangu ndani ya ukuta, ukamvisha fremu."

Kidevu alichungulia picha juu ya bega la mwenzake. Kisha akasema, taratibu, "Na kiwiko. Kiwiko kimekaa chini mno. Shemeji hakuwa mfupi hivyo."

Bawaba aligeuka, akaitazama picha kutoka mlangoni. Kiwiko kilikuwa chini mno.

"Nenda," akasema. "Leo nenda tu."

"Nirudi?"

Mzee alifunga mlango. Haukulia, aliutia mafuta mwenyewe. Alisikia nyayo za mwenzake zikichelewa pale nje, kisha zikaondoka. Akachukua kisu kidogo, akakaa mbele ya picha, akaanza kukwangua bawaba za kushoto pole pole, rangi ikidondoka magotini kama unga, akijihadhari asiguse ule mkono. Upande wa kulia aliuacha kwanza. Alitaka kukumbuka dirisha lenyewe la jikoni lilikuwa na bawaba ngapi, mbili au tatu, na aliyekuwa akilifunga kila jioni hakuwepo wa kuulizwa. Akainuka, akaenda jikoni kuangalia.